Jibu: Kiwanja kilichofunikwa na lava, Buhene (kaskazini mwa Goma, Kongo)

Ndugu yangu, pole. Unauliza kama usubiri kiwanja cha baba kichimbuliwe, kwa sababu lava ya volkano Nyiragongo ya Mei 2021 imekifunika chote. Usisubiri. Ule ni mwamba sasa.

Sisi yalitukuta tarehe 17 Januari 2002, mto wa moto ulipokata katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu na kula sehemu ya uwanja wa ndege. Tulirudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, chini bado kuna joto, ndala zinalainika. Ukuta wa nyuma ulikuwa umezikwa hadi usawa wa madirisha. Baba hakusema neno, alianza kupasua mawe kwa nyundo. Mawe yale yale ndiyo ua wetu hadi leo, na nyumba tuliipandisha kwa mbao juu ya mwamba, maana mbao ni nyepesi na unaweza kuzihamisha.

Kinachosumbua kweli ni choo. Shimo halichimbiki, au linakula pesa ya nyumba nzima, ndiyo maana unaona vyoo vya Goma vimepanda juu na ngazi zake. Piga hesabu ya hilo kwanza. Na mabondeni angalia mazuku, hewa ya kaboni (dioksidi kaboni) inayotoka ardhini na kuua: ni nzito, hukaa chini, mbuzi huanguka kabla ya mtu. Watoto wasilale sakafuni.

Mipaka je? Tafuteni majirani wa zamani mpime pamoja, wazee wangali wanakumbuka.