Kuhama Massachusetts kwenda Texas: kodi, shule na mstari wa wilaya

SWALI: Ndugu mhasibu, mimi na mke wangu tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 11, na tumepanga nyumba Worcester, Massachusetts. Kipato chetu cha pamoja ni dola 110,000 kwa mwaka. Shemeji yangu anayeishi pembezoni mwa Houston anatuhimiza tuhamie huko tukanunue nyumba ya dola 350,000, kwa kuwa Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Wengine wanatuonya kwamba tutaziacha shule bora kuliko zote Marekani. Tumsikilize nani?

JIBU: Shemeji yako amesema kweli, ila ameishia njiani. Texas haitozi kodi ya mapato, na tangu mwaka 2019 katiba ya jimbo inakataza kodi hiyo isianzishwe. Hata hivyo walimu na zimamoto ni lazima walipwe, na huko sehemu kubwa ya mzigo huo imebebeshwa majengo. (Nasema kodi ya majengo kwa makusudi, maana nikisema kodi ya nyumba wengi wetu tutafikiria hela anayodai mwenye nyumba.)

Tupige hesabu. Massachusetts hutoza asilimia 5 ya mapato ya kawaida. Nikiondoa misamaha ya wanandoa na ya watoto, jimbo linawadai takriban dola 3,900 kwa mwaka. Mkinunua huko nyumba ya dola 350,000, na tukichukulia kiwango cha asilimia 1.3, kodi ya majengo itakuwa dola 4,550, hivyo jumla inakaribia dola 8,450. Upande wa Texas tuchukulie kiwango cha asilimia 2.2, nusu yake ikiwa ya shule. Kwa nyumba unayoishi mwenyewe, kodi ya shule huhesabiwa baada ya kuondoa dola 140,000 katika thamani yake, msamaha ambao wapiga kura waliupandisha Novemba 2025 kutoka dola 100,000. Hapo mtalipa dola 2,310 za shule na dola 3,850 za mamlaka nyingine, yaani dola 6,160. Kodi ya mauzo haibadilishi sana picha: Massachusetts ni asilimia 6.25, na Texas hufika 8.25 pamoja na nyongeza za miji.

Kwa hiyo Texas inawaachia kama dola 2,300 kwa mwaka, si zile 3,900 zote za kodi ya mapato ambazo maneno ya shemeji yangekufanya uzitegemee. Tena kodi hizi mbili hazina tabia moja. Kodi ya mapato hupungua mshahara unapopungua, lakini kodi ya majengo haiulizi kama umeachishwa kazi. Nimewahi kukaa na familia iliyonunua nyumba mpya kabisa huko. Mwaka wa kwanza ilitozwa kodi ya kiwanja tu, kwa sababu Januari mosi, siku ambayo thamani huangaliwa, nyumba ilikuwa bado haijajengwa. Mwaka uliofuata benki iliwaandikia kwamba malipo ya kila mwezi yatapanda kwa mamia ya dola, ili kuziba pengo la akaunti ambamo benki huweka fedha za kodi. Kabla ya kusaini, ombeni makadirio ya kodi ya nyumba iliyokamilika, mkaulize pia kama eneo hilo lina wilaya ya huduma za maji yenye madeni, maana nayo hutoza kodi yake.

Sasa shule. Ni kweli kwamba katika mtihani wa kitaifa wa mwaka 2024 Massachusetts ilikuwa kileleni, huku Texas ikiwa juu ya wastani wa nchi katika hesabu za darasa la nne na chini ya wastani katika kusoma kwa darasa la nane. Ni kweli pia kwamba Massachusetts hutumia zaidi ya dola 20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiasi ambacho Texas haikikaribii. Lakini mwanao hasomi katika wastani wa jimbo. Alama hizo hubeba ndani yake kipato na elimu ya wazazi, na tofauti kati ya wilaya mbili za shule (yaani maeneo ambayo kila moja lina uongozi wake wa shule) zinazopakana ndani ya Texas inaweza kuzidi tofauti kati ya majimbo yenyewe. Msidhani pia kwamba kodi kubwa ya majengo inabaki yote katika shule ya mtaani kwenu, kwa kuwa tangu 1993 sheria ya Texas huzitaka wilaya tajiri kurejesha sehemu ya makusanyo yake ili kuzisaidia nyingine.

Ndiyo maana ningeanza na anwani, sio jimbo. Neno Houston katika anwani ya posta halithibitishi kwamba nyumba imo katika wilaya ya shule ya Houston. Mstari wa wilaya hupita unapopita, wakati mwingine katikati ya mtaa. Texas huipa kila shule daraja la A hadi F, lakini mimi huangalia kwanza kipengele cha maendeleo ya wanafunzi mwaka hadi mwaka, kwa sababu kinaonyesha kazi ya shule kuliko alama za jumla. Kisha ulizeni ni walimu wangapi walioondoka mwaka uliopita. Kama mtoto bado anajikongoja kwa Kiingereza, andikeni Kiswahili bila kuona haya katika fomu ya lugha ya nyumbani, kwa kuwa tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1974 shule haiwezi kumwacha aelee peke yake darasani.

Nitumieni anwani mbili tatu mnazozifikiria, pamoja na jina la wilaya ya shule ya kila moja, niwafanyie hesabu kwa viwango halisi vya mahali hapo badala ya hivi nilivyochukulia.