Chai ya Maziwa Iliniponza: Kwa Unayeanza Kazi na Wazee wa Kiyahudi

Juzi mdogo wetu mmoja aliyeko Ohio ameniandikia: "Dada, nimepata kazi nyumba ya wazee wa Kiyahudi, idara ya shughuli. Mambo yao siyajui hata moja. Naanzia wapi?" Umeniuliza wakati kichwa changu bado kimevimba. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Machi tulikuwa na Purim, sikukuu yao moja ya furaha, na sherehe nzima niliiandaa mimi, mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyekuja Maryland kubeba boksi kama wengine.

Lakini nianze na aibu.

Mwaka wa kwanza sikusimulii. Ni kuogesha, kulisha, kubadili mashuka na kusinzia kwenye basi. Mwaka wa pili nikahamishiwa shughuli, nikataka wanijue mimi ni nani. Ikaja Hanukkah. Mchana ule palikuwa na nyama ya ng'ombe iliyochemka mpaka inajikata yenyewe, na latkes, viazi vilivyokunwa na kukaangwa. Sikukuu hiyo watu hula vya mafuta kwa kuyakumbuka mafuta ya kuwashia taa hekaluni, yaliyotosha siku 1 yakawaka siku 8. Mimi nikatazama meza, nikaona imepungukiwa. Kwetu hata msibani watu hunywa chai, seuze sherehe? Nikapanda jiko dogo la ghorofani, nikapika chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, nikaishusha ukumbini birika mbili zimejaa.

Nilishamimina vikombe tisa pale mashgiach, yule msimamizi wa kosher (sheria zao za chakula), alipokuja mbio. Nyama na maziwa kwao havikutani. Kila kimoja kina sahani zake, vijiko vyake na mahali pake pa kuoshea, na mimi nimeingiza vyombo vya maziwa katikati ya mlo wa nyama. Yeye hata hakunifokea, aliviondoa kimya kimya. Aliyenifokea ni bosi wangu, mbele ya wazee na jamaa zao waliokuja kuwatembelea. Akaniuliza kama sikusoma kitabu cha mafunzo. Nilikisoma! Kilikuwa na ukurasa mmoja wa kosher na kurasa kumi na moja za kuchelewa kazini. Mpaka leo nikisikia viatu vyake kwenye korido tumbo hunicheza.

Jioni bibi mmoja wa miaka 91, mwalimu mstaafu, akaniita chumbani kwake. Sikusikia pole. Akasema tu, "Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaandalia watu sikukuu yao wenyewe bila kuwauliza neno, kana kwamba mtu akishakalia kiti cha magurudumu amekuwa mgeni kwenye Idi yake.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: uliza. Wa pili nao ni uliza, ila mapema, kabla hujawasha jiko.

Chukua Sabato. Wenzangu walihangaika kuelewa kwa nini siku ya Jumamosi inaanza Ijumaa jioni. Mimi hilo halikunisumbua, maana marehemu bibi yangu Alhamisi jua likizama alikuwa akisema "leo usiku wa Ijumaa". Nikajiona mjuzi. Basi kila Ijumaa nikawa napita vyumbani na mishumaa ya betri (moto wa kweli hauruhusiwi, kuna mitungi ya oksijeni), naiwasha mwenyewe chapuchapu, zamu iishe. Safari hii nilikuwa nimejifunza kuuliza, nikamwuliza yule mwalimu: kwenu nani huwasha? Akajibu, "Mwenye nyumba. Na nyumba yangu ndiyo hii."

Sasa nasukuma kitoroli mapema, tumalize dakika 18 kabla ya jua kuzama, ndio wakati wao. Kila mmoja anabonyeza kwa kidole chake, anafunika macho kwa viganja, anasoma dua. Kazi ya robo saa imekuwa ya saa nzima. Kuna bibi hamkumbuki hata bintiye, lakini dua ile hakosei neno.

Jumanne ni mah-jongg, mchezo wa vigae. Hapo sina ushauri. Vigae ni 152, nahesabu vinapotoka na vinaporudi, na katikati sisogei wala sikohoi.

Halafu kuna Siku ya Kumbukumbu ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi. Mishumaa 6 tu, na kukaa. Usilete muziki wala maputo, usijaribu kumchangamsha mtu. Kaa naye.

Turudi Purim, maana ndiyo iliyonitoa. Siku hiyo kinasomwa Kitabu cha Esta, na kila likitajwa jina la Hamani, yule waziri aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi wa Uajemi, watu wanapiga kelele jina lisisikike. Wana vikereza, vidude vya kelele vya kuzungusha kwa mkono, lakini vidole vyenye baridi yabisi haviviwezi. Nikauliza (umeona?) kama kelele lazima iwe ya kile kikereza. Wakacheka, kelele ni kelele. Basi wiki mbili tukakaa tunatengeneza kayamba kwa vichupa vya dawa na shanga. Wenyewe walijaza, wenyewe walipaka rangi. Mzee mmoja tangu aletwe hakuwa amesema kitu wala kushiriki lolote. Hamani wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, mkono ukanyanyuka! Mwisho alikuwa anatingisha kabla msomaji hajalifikia jina. Binti yake alilia pale pale, mimi nililia stoo. Bosi alinipa mkono. Kuhusu chai hajasema kitu mpaka leo.

Wadogo zangu, najua mnataka vyeo, mtoke zamu za usiku. Mimi pia. Lakini tuache unafiki wa kuandika Fesibuku "niko sekta ya afya" huku tukiona haya kusema tunatunza wazee. Ukiionea haya kazi, mzee anaiona haya hiyo kabla hujavua koti. Na hutamuuliza kitu. Nimerudia tena, lakini sina jingine.

Wewe wa Ohio, Purim ilikuwa mwezi mpevu, na ukipevuka tena ni Pasaka yao, mwaka huu jioni ya Aprili 1. Siku 8 hakuna chachu ndani ya jengo, kwa hiyo kagua mkoba wako, hata andazi la njiani liache kwenye gari. Usiku wa kwanza, mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeimba maswali manne. Kwetu mdogo ana miaka 74, na ameshaanza mazoezi. Kila nikipita mlangoni kwake ananiuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine.