Kwa nini memori inasuasua wakati prosesa iko kasi kamili

Umesema umeweka gavana (si yule wa kaunti) ya cpufreq, sehemu ya Linux inayopanga kasi ya prosesa, kuwa performance, yaani kasi ya juu muda wote, kwenye bodi yenye chipu ya RK3399, na bado kunakili data ndani ya RAM kunasuasua. Hujakosea, umegusa upande mmoja tu. cpufreq inapandisha masafa (frequency) ya prosesa, basi. Saa ya DDR, yaani mapigo yanayoamua kasi ya RAM, ina draiva yake, rk3399_dmc (dmc ni kidhibiti cha memori), iliyo chini ya devfreq, mfumo wa Linux wa kupanga kasi ya vifaa visivyo prosesa. Memori ikizubaa, prosesa inakaa inasubiri data, na kusubiri huko kunahesabiwa kama kazi. Ndiyo maana hata ukirudi schedutil, gavana inayofuata wingi wa kazi, utaona masafa ya prosesa bado ni ya juu, umeme unaliwa bure.

Chungulia /sys/class/devfreq, tafuta folda yenye dmc au memory-controller, usome cur_freq (masafa ya sasa) wakati kazi inaendelea. Ikibaki chini, andika performance kwenye governor ya humo ujaribu tena. Folda haipo kabisa? Basi huenda devicetree ya bodi yako (faili linaloieleza kernel vifaa vilivyopo) haijaiwasha dmc, na saa imebaki pale butiloda, programu inayoiwasha kernel, ilipoiacha.

Ila kama unaandika draiva, tafadhali usiishike saa ya DDR kwa mkono. Tangu Linux 5.1 kuna interconnect, mfumo ambao draiva huomba kupitia kwake kiasi cha data inachohitaji kupitisha: kwenye chipu zinazoitumia, kama nyingi za Qualcomm, unaita funksheni icc_set_bw na kutaja wastani na kilele cha data hiyo, kwa kilobaiti kwa sekunde. Kwa kawaida wastani wa waombaji wote hujumlishwa, kilele huchukuliwa kilicho kikubwa. Kazi ikiisha rudisha sifuri. Hapo ndipo wengi tunaposahau, halafu tunailaumu betri.