Mshale wa njano? Baiskeli hapana

Umeuliza kama unaweza kupita na baiskeli kwenye kijia chochote cha mashambani huko England. Hapana kaka, si kila kijia kinaruhusu. Angalia rangi ya mshale kwenye kigingi kinachoonyesha njia. Njano ni kwa waenda kwa miguu tu. Buluu ni njia ya farasi, na tangu sheria ya mwaka 1968 baiskeli nazo zinapita humo, ila sharti uwapishe wenye farasi na wanaotembea. Punguza mwendo mapema, umsemeshe mpanda farasi ungali mbali. Farasi akikurupuka ni balaa kwenu nyote.

Kwenye misitu ya umma kama Cannock Chase, Dalby au Forest of Dean kuna njia zilizochongwa makusudi kwa baiskeli za milimani, na humo rangi zinaonyesha ugumu: kijani rahisi, buluu wastani, nyekundu ngumu, nyeusi waachie mafundi. Buluu ya mashambani haikuambii lolote kuhusu ugumu, na majira ya baridi inaweza kuwa tope tupu!

Ningekuwa wewe ningeanza na njia ya baiskeli iitwayo Verderers' Trail, Forest of Dean. Scotland sheria ni nyingine, kuna uhuru zaidi.