Maswali Yenu: Aliyeshtaki walipuaji wa Nairobi

SWALI: Mhariri, kesi ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998 ilisikilizwa New York. Nani aliwashtaki wale watu, na aliishia wapi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Mmoja wa waendesha mashtaka ni Patrick Fitzgerald, mzaliwa wa Brooklyn, mtoto wa bawabu aliyehamia kutoka Ireland. Mwaka 2001 washtakiwa wanne, Mtanzania mmoja akiwemo, walifungwa maisha. Mwaka huohuo Fitzgerald akapelekwa Chicago, jimbo la Illinois, kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho, hadi 2012. Huko hakuangalia chama: gavana wa jimbo hilo, George Ryan wa Republican, alifungwa, na gavana aliyemfuata, Rod Blagojevich wa Democratic, pia. Huyu wa pili ndiye kioja: alinaswa kwenye simu akikipigia bei kiti cha useneta alichoacha Obama! Alihukumiwa miaka 14. Trump akamtoa 2020.