Kabla hujabonyeza Enter: kwa wanaoanza kujaza fomu za mtandaoni kwa kisoma skrini

Kusoma habari mtandaoni kwa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, huzoeleka haraka. Unashuka kwa mshale wa chini, unaruka kwa H kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, na baada ya muda mfupi unatembea ukurasani bila kushikwa mkono. Wengi ninaowafundisha hukwamia kwenye fomu: maombi ya mkopo wa chuo, maombi ya kazi, kukata tiketi ya basi. Hapo ukurasa hausubiri tu kusomwa, unauliza na unataka jibu. Ndipo wenzetu wengi wanapomwita mtu anayeona, wakampa nywila na namba ya kitambulisho, akawajazia. Sitaki uanze na mazoea hayo. Mambo yako ni yako, na fomu unaweza kuijaza mwenyewe.

Mifano yangu ni ya kisoma skrini kiitwacho NVDA kwenye Windows, kwa kuwa haiuzwi na mtu yeyote anaweza kuipakua. Iliasisiwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana na James Teh, wote wawili wasioona, wakiamini kuwa asiyeona hapaswi kulipia zaidi ili atumie kompyuta ileile wanayotumia wengine. Ukiwa na JAWS, kisoma skrini kingine, mantiki ni hiyohiyo, ila majina na baadhi ya vitufe hutofautiana. Tuelewane pia: nikisema kitufe, nina maana ya cha kibodi, nikisema batani, ni ile iliyo kwenye ukurasa.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kibodi yako ina modi mbili, yaani namna mbili za kufanya kazi. Katika modi ya kuvinjari, herufi ni amri. K inakupeleka kwenye linki, B kwenye batani, E kwenye kisanduku cha kuandikia, X kwenye cheki boksi (kisanduku cha kuweka tiki), C kwenye kombo boksi (orodha inayofunguka ili uchague), R kwenye redio batani (machaguo ambayo unachagua moja tu), na F kwenye chochote kinachojazwa. Ukiongeza Shift unarudi nyuma. Katika modi ya fokasi, herufi ni herufi tu, zinaandika. Sasa chukua mtu anayeitwa Rehema, anataka kuandika jina lake akiwa bado kwenye modi ya kuvinjari. R inamtupa kwenye redio batani, E inamtoa hapo hadi kwenye kisanduku, H inampandisha kwenye kichwa cha habari. Akimaliza kuandika, jina halipo na yeye hajui yuko wapi. Atasema tovuti ni mbovu. Tovuti haina kosa.

Ukifika kwenye kisanduku kwa Tab, NVDA hubadili modi yenyewe. Ukifika kwa E au kwa mishale, haibadili. Unabonyeza Enter ndipo inakuruhusu kuandika. Kila modi inapobadilika utasikia mlio mfupi, na milio hiyo miwili haifanani. Jifunze kuitofautisha kabla ya kujifunza amri nyingine yoyote. Wapo wanaoizima kwa kuona inasumbua, nami nawasihi waiwashe tena. Kutoka kwenye modi ya fokasi, bonyeza Escape. Kama uliingia kwa makusudi kwa kubonyeza Insert na Space, basi toka kwa Insert na Space. Escape haitakusaidia hapo, na hili huwachanganya hata waliokwisha kuzoea.

Jambo la pili ni kusikiliza mpaka mwisho. Kila kitu cha kujazwa kinapotajwa, kisoma skrini kinakupa habari tatu: jina lake, aina yake na hali yake. Kwa mfano, "Nakubali masharti" ni jina, cheki boksi ni aina, haijawekwa tiki ni hali. Mgeni husikia jina tu, akakimbilia kubonyeza. Lakini aina ndiyo inayokuambia ubonyeze nini, na hali ndiyo inayokuambia kama kuna haja ya kubonyeza. Cheki boksi ambayo tayari ina tiki, ukiibonyeza unaiondoa. Ukipitwa, bonyeza Insert na Tab, itarudia pale fokasi ilipo, yaani kitu ambacho kibodi inakishughulikia wakati huo. Kama sauti inakwenda mbio, ipunguze kasi, hakuna anayekushindanisha.

Aina zenyewe zina tabia zake. Linki hufunguliwa kwa Enter. Batani hukubali Enter au Space. Cheki boksi tumia Space, maana ukiwa katika modi ya fokasi, Enter kwenye baadhi ya fomu huituma fomu nzima hata kama hujamaliza. Redio batani zinahitaji uangalifu zaidi: katika modi ya fokasi, mshale unapokupeleka kwenye chaguo linalofuata, unalichagua papo hapo. Mtu anayetaka kusikiliza tu machaguo yaliyopo anajikuta amebadilisha jibu lake la jinsia au la hali ya ndoa bila kujua. Kwa hiyo yapitie kwanza kwa mishale katika modi ya kuvinjari, huko hayabadiliki, ukifika kwenye jibu lako bonyeza Space.

Kombo boksi ndiyo inayowaliza wengi, hasa kwenye fomu zetu zinazouliza mkoa, kisha wilaya, kisha kata. Ifungue kwa Alt na mshale wa chini, andika herufi za mwanzo za jina unalotafuta, sikiliza, kisha thibitisha kwa Enter. Usipite juu yake kwa mshale ikiwa imefungwa, kwa sababu kila hatua ya mshale inaweza kuhesabiwa kuwa umechagua. Na kumbuka kwamba mara nyingi orodha ya wilaya huwa tupu mpaka mkoa uchaguliwe; ukichagua mkoa, ukurasa unakwenda kuzileta wilaya zake, na kwa mtandao wa kusuasua hilo huchukua muda. Ukikuta orodha tupu usihangaike. Subiri kidogo, toka, rudi tena. Na ukirudi nyuma kubadili mkoa, hakikisha wilaya na kata upya, kwa kuwa kwa kawaida zinafutika na hakuna sauti itakayokuambia.

Vipo visanduku vinavyokuletea mapendekezo unapoandika, kama jina la shule au la kituo cha basi. Kuandika jina lote vizuri hakutoshi. Andika herufi chache, shuka kwa mshale, sikiliza pendekezo, bonyeza Enter. Ukiondoka kwa Tab bila kuchagua, fomu nyingi huhesabu kwamba hujajibu.

Tarehe nazo. Kama kisanduku kinakubali kuandikwa, andika, achana na kalenda. Katika Chrome utakuta sehemu tatu za kujaza kwa tarakimu, na mpangilio wake hufuata lugha ya kivinjari: kivinjari kilichowekwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi. Sikiliza jina la kila sehemu kabla hujaandika tarehe 5 mwezi wa 9 ikageuka kuwa 9 mwezi wa 5.

Namna ninayowashauri wote: usianze kujaza ulipofika. Pita fomu nzima kwanza kwa F katika modi ya kuvinjari, ukisikiliza inachouliza na kipi ni cha lazima. Kisha pita tena kwa mshale wa chini, kwa sababu maelezo muhimu mara nyingi hukaa nje ya visanduku, na Tab huyaruka bila huruma. Utakuta sentensi inayosema picha isizidi ukubwa fulani, au namba ya simu ianze na 255, nawe kwa Tab usingeisikia kamwe. Majibu marefu yaandike kwanza kwenye Notepad, ndipo uyanakili. Tovuti nyingi hukutoa zenyewe ukikaa muda mrefu bila kutuma, na sisi tunahitaji muda zaidi kuliko anayeangalia kwa macho.

Ukishatuma kukawa kimya, usibonyeze tena. Bonyeza Insert na T usikie kichwa cha ukurasa kama kimebadilika. Kama ni kilekile, pita kwa F: kisanduku chenye kosa, kikitengenezwa vizuri, kitatajwa kuwa hakikujazwa sawa. Kama hakitajwi, shuka kwa mshale kutoka juu, maneno ya kosa yatakuwa mahali fulani, aghalabu chini ya kisanduku husika au juu kabisa ya fomu. Walioyaweka kwa rangi nyekundu tu, bila maneno, wametufungia mlango.

Nikisema hivyo nafika kwenye makosa ambayo si yako. Wapo watengenezaji wanaochora kitu kinachofanana na batani bila kuiambia kompyuta kwamba ni batani. Tab haikifikii, na NVDA husema tu kwamba kinabonyezeka. Kifuate kwa mishale, bonyeza Enter, mara nyingi kitafunguka. Kikikataa, jaribu kukipeleka kipanya hapohapo: kwenye kibodi yenye namba pembeni, Insert na alama ya mkwaju ya upande wa namba huleta kipanya ulipo, kisha mkwaju peke yake hubofya. Hakuna udhuru kwa kazi ya namna hiyo. HTML, lugha inayotengenezea kurasa za mtandao, ina batani yake ya asili, inayojitambulisha yenyewe kwa kisoma skrini, na pale isipotosha kuna kanuni za ARIA za kuvitambulisha vitu vya ukurasa kwa kisoma skrini, ambazo W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, ilizipitisha rasmi mwaka 2014.

Kwa hiyo waandikie wenye tovuti, na waandikie vizuri. "Tovuti yenu haifanyi kazi" haimsaidii fundi. Tumia zile habari tatu: taja ukurasa, taja jina la kitu, aina uliyotajiwa na hali uliyotajiwa, kisha eleza ulibonyeza nini na nini kilitokea. Mfano: "Kwenye ukurasa wa kuambatisha vyeti, batani ya pili inasomwa batani tu, bila jina. Nikibonyeza Enter dirisha linafunguka, lakini fokasi inabaki nyuma yake na sifikii pa kuchagua faili. Natumia NVDA na Firefox." Ongeza matoleo ya programu zote mbili, maana ndilo swali la kwanza ambalo fundi atakurudishia.