Maswali ya Wasomaji: Hesabuni mapipa kwanza

SWALI: Ninafundisha uuguzi mwaka wa pili hapa Dar es Salaam. Kila wanafunzi wakienda mtaani kwa mafunzo ya afya ya jamii wanarudi na picha za mabango na karatasi ya mahudhurio. Mara ya mwisho walifundisha kuhusu homa ya dengue na vyandarua, wakapigiwa makofi, basi. Nikiuliza kimebadilika nini, wananyamaza. Tunakosea wapi?
Mkufunzi, Ubungo

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameingia mtaani na macho ya wodini. Wodini kuna mgonjwa mmoja kitandani na swali ni ana nini. Mtaani swali ni wangapi wanaumwa, kati ya watu wangapi, na kwa nini hapa. Asiyezoea kuuliza hivyo atatoa somo tu, maana hana kingine alichobeba.

Kabla ya safari, wape hesabu moja darasani. Tuseme zahanati ya kwanza imeandika wagonjwa 40 wa kuhara kwa mwezi, ya pili 25. Wengi watakimbilia ya kwanza. Kisha waambie ya kwanza inahudumia watu 20,000 na ya pili 5,000. Hapo ya kwanza ina wagonjwa 2 kwa kila watu 1,000, ya pili 5. Wakumbushe pia kwamba vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za vituo vya afya, vinaandika waliofika kituoni. Aliyenunua dawa dukani akarudi kulala hamo.

Kuhusu dengue, somo lenyewe lilikwenda kombo. Mbu anayeieneza, aina ya Aedes, huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua kinamsaidia mtoto anayelala mchana, na mgonjwa, ili mbu wasichukue virusi kwake. Lakini kumwambia fundi wa gereji alale ndani ya chandarua usiku ni kumpa somo la malaria. Jiji lilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo mada ni nzuri. Ifundisheni hivi.

Barua ya chuo ipite manispaa, ishuke kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Mjumbe awatembeze. Kikundi kinachobisha hodi bila mjumbe hufunguliwa sebule tu, na mabuu ya mbu yapo uani.

Chagueni nyumba 60 kwa kuruka idadi ileile, mfano kila nyumba ya tano. Msichague zile zenye mlango wazi tu. Wanafunzi waende watatu watatu: mmoja azungumze na wenyeji, mmoja ashike tochi, mmoja ajaze fomu. Wakague mapipa, ndoo, matairi, vifuu vya nazi, sahani za maua na trei ya nyuma ya friji. Mabuu hupiga mbizi yakiona kivuli, hivyo anayechungulia na kuondoka papo hapo ataandika “hakuna” kimakosa. Asubiri kama dakika moja. Fomu itenganishe nyumba na kaya: nyumba ya wapangaji yenye kaya sita ni nyumba moja, na mkichanganya, asilimia zote zinaharibika.

Mfano wa matokeo: nyumba 18 kati ya 60 zina mabuu, yaani asilimia 30. Vyombo 36 kati ya 240 vina mabuu, asilimia 15. Kwa kila nyumba 100, hivyo ni vyombo 60 vyenye mabuu. Sasa angalieni ni vyombo gani. Ikiwa 27 kati ya 36 ni mapipa ya maji, ndipo somo linapoanza: watu wanaweka maji kwa sababu bomba linatoka kwa zamu. Ukiwaambia wasiweke maji, hawatakusikiliza tena, na wana haki.

Hapo ndipo Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, ule wa kukuza afya, unapopata kazi. Maeneo yake matano yasikaririwe, kila moja lidaiwe jambo moja. Sera: kikao cha mtaa kiweke utaratibu kuhusu matairi yanayoachwa nje ya gereji. Mazingira: mifuniko inayobana, na hili lipelekwe kwa mwenye nyumba kwa kuwa mpangaji hana mamlaka na pipa la pamoja. Nguvu ya jamii: wenyeji wachague wenyewe siku ya usafi. Stadi: kusugua kuta za pipa kila wiki, maana mayai hunata ukutani na hustahimili ukavu kwa miezi; kumwaga maji tu hakutoshi. Huduma: zahanati iandike mtaa anakotoka kila mgonjwa wa homa, si jina la kata peke yake.

Baada ya wiki nne warudi nyumba zilezile wahesabu tena, na wahesabu pia mtaa jirani usiofikiwa. Bila mtaa huo wa kulinganisha, aliyepima Mei kwenye masika na kurudia Juni atajisifu kwa kazi iliyofanywa na kiangazi.

Ushauri wangu wa mwisho ni kuhusu alama. Kati ya 100, toeni 40 kwa hesabu, 40 kwa mpango, 20 kwa kuzungumza mbele ya watu. Wanafunzi hufuata zilipo alama.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, mada yangu ni shinikizo la damu. Nikipima watu sokoni inatosha?
Msomaji, Temeke

JIBU: Kupima kunafaa ukifanya sawasawa: akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Kipimo kimoja cha 140/90 hakithibitishi ugonjwa, mwelekeze kituoni arudiwe siku nyingine. Lakini utakuwa umegusa waliosimama kwako tu. Ukomo wa chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na sokoni anayeitia chakulani ni mama lishe na muuza chipsi. Kaa nao watano. Pimeni pamoja chumvi wanayotia kwenye sufuria moja, gawanyeni kwa idadi ya sahani, kisha wapunguze kidogo kidogo kila wiki ili ulimi wa mteja uzoee. Sufuria moja ikipungua chumvi, sahani zake zote zimepungua, hata za wale wasiotaka kupimwa.